Mgongo uliovunjika: matundu madogo au kupasua wazi?

Mtu akianguka kutoka kwenye mnazi au akirushwa na bodaboda, pingili zinazovunjika mara nyingi ni ya 12 ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Hapo kifua kilichoshikwa na mbavu hukutana na kiuno chepesi kujipinda, na kishindo huishia hapohapo. Ndugu wakisikia upasuaji huuliza: hakuna ule wa matundu madogo? Ni swali la haki, ila kuna linalolitangulia: je, mishipa ya fahamu imebanwa?

Kipimo cha CT huonyesha mfupa ulivyopasuka, MRI huonyesha kano za nyuma na uti wenyewe, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalopita ndani ya pingili. Madaktari wengi hutumia alama za TLICS za kupimia uzito wa jeraha la mgongo, zilizotolewa mwaka 2005: umbo la mvunjiko, hali ya mishipa ya fahamu na uzima wa kano. Alama 3 au pungufu, mgonjwa hutibiwa bila kisu. Alama 5 na zaidi, upasuaji. Alama 4 ni hukumu ya daktari.

Kwa matundu madogo, mgonjwa hulazwa kifudifudi juu ya mito, na ulalo huo pekee huanza kunyoosha pingili iliyobonyea. Ngozi hukatwa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila skrubu ya kushikilia mgongo, kwa kawaida nne: mbili juu ya pingili iliyovunjika, mbili chini yake. Sindano nene hupitishwa kwenye kidaraja cha mfupa kinachounganisha nyuma ya pingili na mwili wake, ikianzia ukingo wa nje. Ncha ikivuka ukingo wa ndani kabla ya kuzama sentimita 2 hivi, inaelekea kwenye uti. Irudishwe ianze upya. Kisha huingia waya mwembamba wa kuongoza skrubu, na hapa ndipo pa kuogopa. Waya ukipinda, skrubu huusukuma mbele, nao unaweza kutoboa pingili na kufikia mishipa mikuu ya damu. Ndiyo maana eksirei hupigwa tena na tena, na timu nzima huvaa aproni za risasi.

Kupasua wazi ni kuibandua misuli kutoka kwenye mfupa. Damu hupotea zaidi, maambukizi huongezeka, na siku za wodini pia. Lakini kipande cha mfupa kikiwa kimekandamiza mishipa na miguu inazidi kulegea, lazima kiondolewe, na skrubu peke yake haiondoi kitu. Vivyo hivyo pingili zilizoteleza kutoka mahali pake, au mgonjwa aliyefika baada ya wiki kadhaa mfupa ukiwa umeshaanza kushika. Wapo wanaochanganya: skrubu kwa matundu, halafu mkato mdogo wa katikati wa kufungulia mishipa. Kwa mgonjwa anayefaa, naiona njia nzuri sana.

Faida ya matundu madogo huonekana zaidi wiki za mwanzo. Baada ya mwaka au miwili maumivu na uwezo wa kufanya kazi hukaribiana. Na kwa kuwa pingili kwa kawaida hazikuunganishwa kwa mfupa, vyuma mara nyingi hutolewa baada ya miezi 9 hadi 12, viungo virudi kucheza. Gharama ya upasuaji huo wa pili iulizwe kabla ya kusaini fomu ya ule wa kwanza.