Sura ya Tatu Isiyokuwepo

Makala ile ilitufikia ikiwa safi kuliko zote za toleo lile. Ikisiri imekaa sawa, marejeo yamepangwa, Kiswahili kimenyooka. Wakati huo nilikuwa mhariri msaidizi wa jarida la kitaaluma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kufukuzana na waandishi wasiofuata mwongozo, kwa hiyo huyu aliyeufuata hadi nukta nilimpenda kabla sijamsoma. Tuliipitisha kwenye programu ya kupima ulinganifu wa matini, ikatoa asilimia 3, na hiyo 3 yenyewe ilikuwa majina ya vitabu kwenye marejeo. Wapitiaji wakaikubali. Ikabaki kwa msomaprufu.

Msomaprufu wetu alikuwa mama wa makamo, mwenye kalamu nyekundu na subira ambayo sisi wengine hatukuwa nayo. Mada yenyewe hakuisomea, wala hakujidai. Asubuhi moja aliniita mezani kwake.

"Mwanangu, makala hii ina sura ngapi?"

"Makala haina sura, mama. Ina sehemu."

"Basi nionyeshe hii sura ya tatu iko wapi."

Alikuwa ameyazungushia duara maneno "kama tulivyoona katika sura ya tatu". Nikamwambia huenda mwandishi ameichomoa makala kutoka kwenye tasnifu yake mwenyewe, jambo la kawaida ilimradi mtu aseme. Hakubisha. Alifunua tu kurasa za mwisho akanionyesha duara la pili: kitabu kilichotajwa ndani kuwa cha 1987, kwenye marejeo ni cha 1978. Tarakimu kupinduka si ajabu, vidole vya kila mtu huteleza. Ila yeye, alipokuwa akitafuta mwaka sahihi, alikutana na mtu mwingine aliyeteleza palepale. Ilikuwa tasnifu ya Kiingereza, ya mwandishi tofauti kabisa, imewekwa mtandaoni na chuo chake. Kosa lilelile, kwenye sentensi ileile, na tasnifu hiyo sura ya tatu ilikuwa nayo.

Tulikaa tukaziweka sambamba, aya kwa aya. Maswali ya hojaji yalikuwa yaleyale. Mifano ileile, kwa mpangilio uleule. Hata ile "cha kushangaza zaidi ni kwamba", ambayo niliposoma mara ya kwanza niliona inampa mwandishi uhai, ulikuwa mshangao wa mtu mwingine. Programu yetu ililinganisha maneno ya lugha moja na maneno ya lugha hiyohiyo. Ukiyavusha kwenda lugha nyingine, mbele yake unakuwa mtu msafi.

Tukamwandikia mwandishi. Jibu lake lilikuja haraka, lenye hasira na herufi kubwa: KILA NENO NIMELIANDIKA MWENYEWE. Nililisoma nikacheka, maana kwa namna fulani alisema kweli. Maneno ya Kiswahili hayakuwa ya yule wa tasnifu. Ya huyo wa tasnifu yalikuwa swali, njia ya kulijibu, data, na hoja iliyotoka humo, yaani kila kitu kilichoifanya kazi iwe kazi. Hata kisheria hakuwa na pa kujificha: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliosainiwa 1886, unamwachia mwandishi haki ya kuamua nani aitafsiri kazi yake. Lakini sisi hatukuwa mahakama. Tulimwambia tu kwamba kutafsiri bila kumtaja mwenye kazi, kisha kutia jina lako juu, ni wizi wa kitaaluma kama kunakili neno kwa neno, na tukamwambatishia kurasa zile mbili za msomaprufu zenye maduara.

Barua ya pili ilichelewa. Safari hii hasira haikuwepo, kulikuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa. Alituomba radhi, akaeleza kwamba sehemu kubwa ya mswada "iliandaliwa na msaidizi wangu wa utafiti", kijana ambaye hakuwa na uzoefu, na kwamba angemchukulia hatua.

Niliichukua barua hadi kwa mhariri mkuu, naye alikuwa mtu wa kuona haraka. Akaisoma, akavua miwani.

"Huyu anajitetea kwa wizi wa kwanza kwa kukiri wizi wa pili," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Juu ya makala kulikuwa na jina moja. Kwenye shukrani walitajwa mke wa mwandishi na maktaba. Msaidizi aliyeandika "sehemu kubwa" hakuwepo popote, hadi pale lilipohitajika jina la kubebeshwa mzigo. Wahariri wa majarida ya tiba wana kanuni yao ya uandishi ambayo sisi wa fani nyingine huiazima, na tangu 2013 kanuni hiyo ina sharti la nne: anayeitwa mwandishi akubali kuwajibika kwa kila kipengele cha kazi. Mwandishi wetu alitaka sifa peke yake na lawama kwa ubia.

Msaidizi mwenyewe tulimpata kwa barua pepe. Alijibu kwa woga, akiniita "mheshimiwa" kila sentensi ya pili. Alisema alipewa kurasa za Kiingereza, akaambiwa azitafsiri kwa ajili ya bosi kujisomea. Alitafsiri. Hakujua zinakwenda kwenye jarida. Aliambatisha ujumbe wa bosi wake unaosema hivyohivyo. Kwa hiyo ule unyoofu wa Kiswahili ulionivutia ulikuwa wa kijana huyu, na hakuna aliyekuwa amemwambia hata asante.

Kwenye barua tuliyopeleka kwa mwajiri wa mwandishi, nilisisitiza maelezo ya kijana yaingie yote. Mhariri mkuu hakusita. Alisaini, akaongeza na sentensi yake kali. Siku ile nilimheshimu sana.

Kisha akaandika ripoti ya bodi. "Katika kuupitia mswada huu, nilibaini dosari mbili zilizonipa mashaka..." Duara la kwanza, duara la pili, tasnifu iliyopatikana mtandaoni, vyote vikiwa na kitenzi cha nafsi ya kwanza. Nikaisoma tena, nikidhani nimeruka mstari unaomtaja mama yetu. Sikuwa nimeruka.

"Profesa," nilimwambia, "aliyebaini ni msomaprufu."

"Ripoti ya bodi si daftari la mahudhurio, bwana. Kuona makosa ndiyo kazi anayolipwa."

Nikamtajia Jocelyn Bell. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa utafiti Cambridge, ndiye aliyeona kwenye karatasi za mitambo alama ndogo za ajabu, akazifuatilia hadi zikawa pulsa, nyota zinazotoa mawimbi ya redio kwa vipindi. Nobel ya 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Profesa alikuwa na jibu tayari: Bell mwenyewe alisema hadharani kwamba tuzo ile haikumuudhi. Ni kweli alisema. Nikamjibu kwamba kwenye makala ya 1968 iliyotangaza ugunduzi, jina lake lilikuwa la pili kati ya matano, ndiyo maana dunia ilijua cha kubishania. Ripoti yetu isingemwachia mtu hata hicho. Alitabasamu, akasema mimi bado kijana. Ripoti ikaenda kama ilivyo.

Lililoniudhi, na bado linaniudhi, ni kwamba yule aliyeiba maneno tulimkamata kwa sababu maneno yana mahali pa kulinganisha. Kazi ya jicho haina. Hakuna programu ya kuipitisha ripoti ya bosi ikatoa asilimia.

Nilipomweleza msomaprufu, nilitarajia ahuzunike. Aliendelea kuchonga penseli.

"Jina langu kwenye ripoti lina faida gani kwangu, mwanangu? Sitalitundika ukutani." Akapuliza vumbi la penseli. "Ila siku wakitaka kupunguza watu, watasoma hizohizo ripoti wajue nani anafanya nini hapa."

Bodi ilikaa kupunguza gharama baada ya hapo, na nafasi ya msomaprufu ikafutwa. Nilipeleka pingamizi la maandishi, nikieleza makala ile ilivyonaswa na nani. Nilijibiwa kwa adabu kwamba jarida tayari lina programu ya kupima ulinganifu na uongozi makini wa uhariri, na kama ushahidi wakaniambatishia nakala ya ripoti ya Profesa.