Niliambiwa nije na mkuki

Meneja wangu ni mama mwema. Nalisema hilo kabla sijamteta, kwa sababu Februari nilipolala na homa siku nne, ni yeye aliyenipitishia supu nyumbani, na Mwingereza au Mskoti kuja mlangoni kwako bila miadi si jambo dogo. Kwa hiyo hasira yangu ilikosa pa kukaa aliponikuta jikoni nikisuuza vikombe, akaniambia Ijumaa nyumba ya kutunzia wazee ninapofanya kazi hapa Glasgow, Uskoti, itakuwa na siku ya tamaduni, na wazee watafurahi sana nikija na nguo zangu.

Nguo zipi? Zile nyekundu. Na mkuki, kama ninao.

Jamani, mkuki! Mimi mtoto wa Kilifi, Mgiriama kwa baba na kwa mama, silaha nilizozishika maishani ni panga la kufyekea na mbuzi ya kukunia nazi. Na ninyi mnaozijua fukwe zetu mnaelewa zaidi ya hapo. Nusu ya wale morani wanaouza shanga Diani hawajawahi kuchunga ng'ombe hata mmoja. Nina binamu aliyejifunga shuka msimu mzima, akajiita Ole sijui nani, akarudi nyumbani na pikipiki. Hakuna aliyemlaumu, tulimwomba lifti. Lakini yeye alijivika mwenyewe, bei akapanga mwenyewe. Mimi nilikuwa naombwa nivae kwa mshahara uleule wa saa, na baada ya hapo nikabadilishe shuka za vitanda.

Nikajibu nitaona. Ndiyo "hapana" yetu, ila wao huisikia "ndiyo".

Sasa, ninapoishi mimi ni Dennistoun, mashariki ya Glasgow, na hapo mtaani kuna sanamu ya Buffalo Bill, yule Mmarekani wa kofia pana, amepanda farasi anayeruka. Miaka miwili nimeipita nikidhani ni tangazo la baa. Jioni ile nikamuuliza bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka tisini na kitu, macho yamekwisha ila ulimi mzima. Akacheka. Akasema babu yake alibebwa mabegani akiwa mtoto kwenda kuona onyesho lake hapohapo Duke Street, na alichokumbuka hadi kufa kwake ni harufu ya baruti ndani ya jengo.

Ni kweli, lilikuwako. William Cody, ndilo jina lake, alianzisha onyesho lake la kutembea mwaka 1883 huko Omaha, Nebraska: farasi, nyati, kauboi, gari la farasi la abiria linalovamiwa, na Wahindi Wekundu, kama tulivyofundishwa kuwaita shuleni, ambao si Wahindi wala si wekundu. Wengi wao walikuwa Walakota. Mwaka 1887 alilileta London, Malkia Victoria akaenda kutazama. Na kuanzia Novemba 1891 hadi Februari 1892 lilijichimbia hapa Dennistoun kupisha baridi, likicheza ndani ya jengo.

Bunduki za onyesho zilikuwa na siri yake. Kwenye vita vya kuigiza zilijazwa baruti tupu. Cody alipopiga mipira ya kioo iliyorushwa hewani, Winchester yake haikuwa na risasi moja nzito bali marisau, zile chembe ndogo za kupigia ndege, maana risasi nzima ingemkuta mtazamaji upande wa pili. Haimaanishi hakujua kulenga. Ila mtazamaji alirudi nyumbani akiamini kitu kingine, naye alilipa kwa ajili ya hicho kitu kingine.

Na mavazi ndiyo usiseme. Mwaka 1876, kabla ya onyesho hilo, alipokuwa akiigiza kwenye kumbi, Cody aliingia kwenye mapigano ya kweli, dhidi ya Wacheyenne, wenyeji wengine wa Marekani, akiwa amevaa nguo zake za jukwaani: mahameli nyeusi yenye nakshi nyekundu na fedha. Akamuua mtu aliyeitwa Yellow Hair, akamchuna ngozi ya kichwa na nywele zake, kisha akarudi mjini kuigiza mauaji yaleyale. Ngozi ile na kilemba cha manyoya cha marehemu vilitundikwa kwenye madirisha ya kumbi za maigizo ili watu wanunue tiketi. Nilirudia kusoma hapo mara tatu. Mtu anakwenda vitani na vazi la tamasha, anarudi kwenye tamasha na nywele za maiti. Utatenganisha wapi?

Siku yangu ya mapumziko nikapanda basi hadi makumbusho ya Kelvingrove. Kuingia bure. Fort Jesus hata sisi wenye kitambulisho tunaacha kitu mlangoni, ila hapa wanachokutoza utakikuta kwenye bili ya umeme, usijali. Ukumbini yuko tembo aliyekaushwa, Sir Roger, naye pia alizungushwa na maonyesho ya wanyama kabla ya kupigwa risasi hapahapa Glasgow mwaka 1900. Nikampa pole nikapita.

Nilikuwa naitafuta shati.

Tarehe 29 Desemba 1890, Wounded Knee, Dakota Kusini, wanajeshi wa Marekani waliwaua Walakota zaidi ya 150, wanawake na watoto wakiwemo. Walikuwa na ngoma yao mpya, ngoma ya mizimu, na mashati ya kitambaa yaliyochorwa na kufungwa manyoya, waliyoamini risasi haitayapenya. Msomaji wa Songea au Kilwa hahitaji kuongezewa neno; maji ya Kinjikitile anayajua. Nasi Wagiriama tulikuwa na Mekatilili, mama aliyewapinga Waingereza, na ngoma yake ya kifudu mwaka 1913, akizunguka vijijini watu wakicheza na kula kiapo. Nilipofika mbele ya kabati la kioo sikuona kitu cha kigeni.

Shati moja lililosemwa limetoka kwenye maiti za Wounded Knee lilifika Glasgow na msafara wa Buffalo Bill. Aliyelileta ni George Crager, mkalimani wa Walakota kwenye onyesho. Januari 1892 aliwapelekea makumbusho vitu vya Walakota, vingine akauza, vingine akatoa. Na ndani ya onyesho hilohilo alikuwako Kicking Bear, mmoja wa viongozi wa ile ngoma, aliyetolewa kizuizini Fort Sheridan ili asafiri na Cody. Yaani jioni anavaa, anapanda farasi, anashindwa vita mbele ya umati wa Glasgow, huku mkalimani wake ana shati la ndugu zake sandukuni. Kesho yake anashindwa tena. Alhamisi mara mbili kama kuna onyesho la mchana.

Hapa niwageukie ninyi mnaonitumia meseji usiku wa manane mkiuliza njia ya kuja kufanya kazi huku. Walakota wale walikuja kwa mkataba, na mkataba uliwafunga kwa bwana mmoja, chakula chake, meli yake ya kurudi. Viza yangu nayo imefungwa kwa mwajiri mmoja. Ndiyo maana nilisema "nitaona" badala ya kusema nilichokuwa nacho moyoni. Tangu Machi 2024 mlezi wa wazee haji na mke wala watoto, na tangu Julai 2025 mlango wa kuajiriwa kazi hii kutoka nje umefungwa kabisa. Anayekuambia ana barua ya udhamini ya kazi ya ulezi, anataka laki tano tu za kuanzia, anakuuzia kilemba cha manyoya ya kuku. Usiuze shamba.

Nirudi. Sitaki muone kama wote walikuwa wa kuonewa tu. Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, alipojiunga msimu wa 1885 alilipwa dola 50 kwa wiki, na picha zake akauza mwenyewe, fedha yake. Mtu mzima yule alijua soko, kama binamu yangu wa Diani. Kinachoniuma ni kilichobaki onyesho lilipoondoka. Wenyeji wengi wa Marekani hawakuwa na kile kilemba kirefu cha manyoya ya tai, lakini dunia ilikiona kwa Buffalo Bill, na tangu hapo kila mmoja wao alidaiwa awe nacho. Vivyo hivyo shuka nyekundu kwangu. Makabila arobaini na kitu ya Kenya, vazi moja.

Shati lenyewe halipo tena Kelvingrove. Mmarekani mwenye asili ya Cherokee aliliona kwenye maonyesho mwaka 1992 akauliza linafanya nini pale. Wazao wa manusura wa Wounded Knee wakaja kudai, Novemba 1998 kukawa na kikao cha hadhara, halmashauri ya jiji ikakubali, na mwaka 1999 likarudi kwao. Aliyepo kabatini ni pacha wake, aliyeshonwa na Marcella LeBeau, mmoja wa waliokuja kudai. Mama huyo alikuwa muuguzi. Vita vya Pili aliwahudumia majeruhi Ulaya. Nilisimama pale na miguu yangu ya shifti ya saa kumi na mbili nikamheshimu mara mbili. Na katika jumba zima lenye vitu halisi, nililoliamini zaidi ni hilo la kuigiza, kwa sababu aliyelitoa alilitoa kwa mkono wake.

Nikakumbuka vigango, zile nguzo za mbao za kuchonga tunazowasimamishia wazee wetu waliokufa. Babu yangu alisimamishiwa chake, na tuna majirani ambao vyao viling'olewa usiku vikauzwa kwa watalii kama mapambo ya sebule. Makumbusho moja ya Denver, mji aliofia huyo Cody mwaka 1917, ilirudisha vigango thelathini Kenya mwaka 2019. Swali la kwetu huwa baya zaidi: vikisharudi, virudi kwa nani, na nani alivuta jembe?

Ijumaa nilikwenda na mahamri na mbaazi za nazi, nimevaa sare ya kazi. Meneja akaniangalia, akaangalia mahamri, akala matatu, akasema samahani kwa sauti ndogo. Ila mkuki alikuwa ameshaagiza mtandaoni. Wa plastiki, pauni 9, ncha yake imepakwa rangi ya fedha, manyoya shingoni. Hakuna aliyeutaka. Bibi yangu wa Duke Street akaupapasa, akauomba, akakaa nao mapajani mchana kutwa.

Nilisahau kusema: bunduki ya Annie Oakley, yule mwanamke mlenga shabaha wa Cody, iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2012 kwa zaidi ya dola 140,000. Piga hesabu mwenyewe kwa viwanja vya Mtwapa.

Mkuki sasa umeegemezwa kando ya dirisha la bibi. Kila anayeingia anaambiwa babu yake alipewa na Buffalo Bill mwenyewe. Jumapili mjukuu wake, kijana msomi, mwenye gari zuri, alinivuta kwenye korido akaniuliza kama mimi, kwa kuwa natoka Afrika, najua pa kuupeleka ukathaminiwe.