Kaneloni za kamba na tui la nazi

Kama unapenda kamba basi hii usiipite. Kaneloni ni zile pasta za Kitaliana zenye tundu kubwa katikati, mie nimezijaza kamba na nyama ya kaa, vyote nimenunua Darajani asubuhi. Kamba wakate wadogo wadogo, wakaange na siagi, thomu na pilipili manga, wakianza tu kugeuka rangi epua hapo hapo kwa sababu wanaenda kuiva tena kwenye oveni na kamba akizidi moto anakuwa mgumu, hanogi tena. Kamulia ndimu, changanya na kaa.

Sosi ndo yenyewe sasa. Siagi, unga wa ngano kidogo, halafu tui zito unamimina polepole huku unakoroga, moto mdogo lisije likakatika. Iache nyepesi maana kaneloni kavu hazichemshwi kabla, zinakunywa sosi kwelikweli. Mwaga nyengine chini ya trei, panga, zifunike zote, chizi juu, oveni 180 dakika 35 hivi mpaka pembeni panatokota. Wengi wanatia krimu lakini kwa kamba mie nasema tui, wallahi hakuna mfano wake.