Siku moja maishani mwangu: kanula ya kijani, mkono wa kulia

Saa 11:20 alfajiri

Simu inaita kabla sijabandika chai. Ni daktari wa zamu ya usiku kutoka idara ya dharura, mmoja wa madaktari sita ninaowafundisha mwezi huu kutumia anjiografia ya CT, yaani picha za CT zinazoonyesha mishipa ya damu kwa kudunga dawa inayoing'arisha. Ametuma picha ya fomu ya kuombea kipimo. Mgonjwa ni baba wa miaka 61, na kwenye nafasi ya maelezo pameandikwa maneno matatu: "CT angio, maumivu."

Namwandikia: Maumivu ya wapi? Yalianza lini? Yanakuja wakati gani?

Baada ya dakika kumi jibu linaingia. Ni tumbo, miezi minne sasa, na maumivu huja kama nusu saa baada ya kula. Mzee amefika mahali pa kukiogopa chakula na suruali zinamvuka. Amevuta sigara tangu ujana.

Kipimo kimeshabadilika hapo. Huyu huenda ateri zinazolisha utumbo zimeziba. Tumbo lake lipigwe kuanzia juu ya kiwambo hadi nyonga, mara mbili: dawa ikiwa kwenye ateri, kisha ikiwa kwenye vena. Wala asinyweshwe ile dawa nyeupe ya kung'arisha utumbo, maana weupe wake utanifichia mishipa ninayoitafuta. Fomu haikuniambia lolote kati ya haya. Kama nisingeuliza, angeingia mashineni, angepigwa picha safi isiyojibu kitu, na figo zake zingekuwa zimebeba dawa ya bure.

Namwambia amwandikie saa 6 mchana. Halafu naoga.

Saa 12:45 asubuhi

Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama. Barabara ya Morogoro ndiyo ninayoitumia darasani kuwaeleza aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni: njia kuu moja, matawi yanayojulikana kwa majina na kwa mpangilio, na ukiruka kituo kimoja hujui tena uko wapi.

Saa 1:30 asubuhi

Darasa. Wawili wanatoka dharura, wawili ni wa magonjwa ya ndani, mmoja anasomea upasuaji, na mmoja amekuja kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa wa mbali, ambako mashine ya CT imesimikwa miaka ya karibuni. Hospitali nyingi za mikoa zilipata mashine hizi kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, ule mkopo wa IMF wa mwaka 2021 wa shilingi trilioni 1.3. Nafurahi sana kwamba zimefika. Lakini mashine husimikwa kwa wiki kadhaa, na daktari wa kuielewa huchukua miaka, na katikati ya hapo kuna wagonjwa.

Naanza na namba. Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza, na Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Afrika Kusini na kuanza kulifikiria jambo hili akiwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa sababu ya mashine hii. Hounsfield alituachia kipimo: maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, damu ya kawaida ipo kwenye 40 hivi. Ateri iliyojaa dawa vizuri inapaswa kufika 250 au zaidi. Kila mmoja anashika kipanya na kupima mwenyewe. Sitaki kusikia "picha inapendeza". Niambie ni ngapi.

Kisha nawawekea picha ya pande tatu ya miguu. Mgonjwa ni mama mwenye kisukari na kidonda kisichopona. Kompyuta imefuta mifupa yote, mishipa imebaki peke yake, rangi ya dhahabu, inavutia macho. Mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, ateri inakatika na haionekani tena mpaka karibu na kifundo.

"Mnaona nini?"

"Imeziba, Dokta." Wote sita. Yule wa upasuaji ameshaanza kufikiria mguu utakatwa wapi.

Nafungua vipande vyenyewe vya picha, kimoja kimoja, kutoka gotini kushuka. Ateri ipo. Imepakana na mfupa, ukuta wake umejaa chokaa, na ndani yake dawa inapita. Kompyuta ilipoambiwa ifute mifupa, ilidhani na ule mshipa ni mfupa ikaufuta. Hakuna kilichoziba pale.

Chumba kinakuwa kimya. Hapa huwa sina haraka. Nawaacha warudie wenyewe, juu chini, juu chini, mpaka kila mmoja auone mshipa kwa macho yake. Picha ya pande tatu inafaa kumweleza mgonjwa na kumwongoza daktari wa upasuaji. Ugonjwa unatafutwa kwenye vipande. Na chokaa ina udanganyifu wa pili pia: kwenye skrini huvimba ikaonekana kubwa kuliko ilivyo, hata njia nyembamba iliyobaki ikaonekana imefungwa. Ndiyo maana tunapanua kipimo cha mwanga na kivuli kabla ya kutamka neno "imeziba". Kwenye ateri ndogo za mundi za mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, kuna wakati chokaa imetapakaa kiasi kwamba CT haiwezi kujibu. Basi andika hivyo kwenye ripoti, mpeleke mgonjwa dopla, kipimo cha mtiririko wa damu kwa mawimbi ya sauti. Usikisie mguu wa mtu.

Daktari wa mkoani ananiuliza kama nimewahi kukosea. Nawaeleza.

Ilikuwa miaka mingi nyuma, hospitali nyingine, usiku. Kijana mwenye maumivu ya kifua. Nikaona mstari mwembamba kwenye aota, pale inapotoka tu moyoni, nikasema ukuta wa ndani umechanika. Mchaniko wa sehemu hiyo, aina A kwa mgawanyo wa Stanford, ni wa kukimbizwa chumba cha upasuaji. Madaktari waliitwa. Mama yake aliambiwa, akakaa chini sakafuni kwenye korido. Mwalimu wangu alipofika aliangalia dakika mbili tu. Mstari ulikuwa kwenye mzizi wa aota peke yake, kingo mbili zilizotazamana, na haukuendelea popote. Moyo ulipokuwa ukidunda ulikuwa unautikisa mshipa, na picha ikanasa mtikisiko. Tulirudia kwa kusawazisha mashine na mapigo ya moyo kupitia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na aota ikatoka safi. Kifua cha yule kijana kilikuwa kimebakiza saa moja kufunguliwa.

Ninaieleza habari hii kwa kila kundi. Bado inaniuma.

Saa 4:10 asubuhi

Chumba cha CT. Mgonjwa amejifungua siku 12 zilizopita. Anahema, na mguu mmoja umevimba. Swali kwenye fomu limeandikwa vizuri leo: kuna bonge la damu kwenye mapafu?

Lakini amekuja na kanula ya bluu, kile kibomba cha kuingizia dawa mshipani, nyuma ya kiganja cha kushoto.

Nawaita wanafunzi waje waitazame, kwa sababu nusu ya picha mbovu zinaanzia hapa. Dawa ya kontrasti tunaisukuma mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Kanula ya bluu ni nyembamba mno kwa kasi hiyo: mshipa unaweza kupasuka, dawa ikamwagika chini ya ngozi, au tukapunguza kasi na dawa ikafika imefifia. Tunataka ya kijani, kwenye kunjo la kiwiko. Na tukiweza, mkono wa kulia, kwa sababu vena ya kutoka mkono wa kushoto inakatiza kifuani mbele ya matawi ya aota, na dawa nzito iliyojaa humo hutupa michirizi juu ya ateri unazotaka kuziona.

Wodini walisema mishipa yake imepotea. Sista wetu anaufunika mkono kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, anaongea naye kuhusu mtoto, anasubiri. Dakika sita, kanula ya kijani imekaa. Ningependa madaktari wote niliowahi kuwafundisha waziheshimu dakika sita za Sista kuliko saa nzima yangu ya darasani.

"Mama, dawa ikiingia utasikia joto mwili mzima, mpaka chini, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Usishtuke, usitikisike."

"Sawa Dokta. Mtoto nitamnyonyesha lini?"

"Ukitoka hapa. Inayofika kwenye maziwa ni kidogo sana, haimdhuru."

Tunafanya mazoezi ya pumzi kwanza. Avute kidogo, ashike. Akivuta kwa nguvu zote, damu ya tumboni isiyo na dawa inapanda kwa kishindo kuingia moyoni, inaizimua dawa, na ateri za mapafu zinatoka kijivu katikati. Mwingine huuita ule ukijivu bonge la damu. Mtaalamu wa mionzi ameweka alama kwenye shina la ateri ya mapafu, mashine inalipima kila baada ya muda mfupi, na wanafunzi wanaangalia mstari kwenye skrini: 40, 46, 95, halafu unaruka. Kitanda kinasogea. Picha zote zinakamilika kabla hujamaliza kusema sala fupi.

Nampa kiti daktari wa magonjwa ya ndani. "Soma."

Anafuata ateri kuu, kisha tawi la kulia, anasimama. Doa jeusi katikati ya weupe, pale ateri ya kulia inapogawanyika. Anapima: 52. Si mtiririko, ni bonge. Namwuliza moyo unasemaje, anarudi nyuma, anaona chumba cha chini cha kulia kimetanuka kuliko cha kushoto. Moyo unaelemewa. Hatungoji ripoti iandikwe. Anapiga simu wodini yeye mwenyewe, na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaanza.

Saa 8 mchana

Wali, maharage, mchicha. Dakika kumi na tano.

Saa 8:30 mchana

Picha za mzee wa alfajiri ziko tayari. Daktari wa zamu alipaswa kuwa amelala nyumbani, lakini amekuja, macho mekundu. Namwachia kipanya.

Anafuata aota kituo kwa kituo. Nawaambia waitazame kwa ubavu, kwa sababu ateri za utumbo hutokea mbele ya aota na ukiziangalia kwa vipande vya kukata mwili kama mkate, mdomo wa mshipa unaweza kukupita. Kwa ubavu inaonekana wazi: tawi la kwanza limebana vibaya mdomoni, na la pili, ile ateri kuu ya utumbo mwembamba, limebaki uzi. Lile la tatu, la chini, ambalo kwa kawaida ni dogo, limenenepa.

"Kwa nini limenenepa?" nauliza.

Anafikiri. Anafuata vimishipa vilivyojipindapinda kutoka kwa lile la chini vikipanda juu. "Damu inapitia njia za panya."

Ndiyo. Siku nyingine zote nitalitumia neno hilo. Njia za panya zimemweka hai mzee huyu miezi yote minne, na kila akila, utumbo unadai damu ambayo njia hizo haziwezi kuileta. Nimeketi kiti cha nyuma, nikijua kwamba huyu aliyeandika maneno matatu saa kumi na moja alfajiri sasa anaeleza ugonjwa kwa mpangilio kuliko ripoti nyingi ninazozisoma. Mzee ataonwa na madaktari wanaotibu kupitia ndani ya mishipa. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, inawafundisha hapa hapa nchini, na wao watahitaji vipimo vyetu vya milimita ili kuchagua bomba la kuuzibua mdomo ule.

Saa 11 jioni

Wengine wameondoka. Daktari wa mkoani amebaki na daftari. Kwao hakuna bingwa wa radiolojia wa kudumu. Picha hutumwa kwa mtandao kusomwa mbali, na majibu yakija kwamba dawa haikufika vizuri, mgonjwa keshapanda basi la kwao. Anataka kujua jambo moja tu: aangalie nini kabla mgonjwa hajashuka kitandani?

Tunaandika pamoja. Apime namba kwenye mshipa anaouuliza. Atazame kama kingo zimetikisika. Ahakikishe picha imefika mwisho wa eneo, kwa sababu mchaniko wa aota hauishii kifuani, unaweza kushuka hadi nyonga. Na kwa mgonjwa wa mchaniko, aanze na picha bila dawa, kwani damu iliyovuja ndani ya ukuta huonekana vizuri hapo kuliko baadaye. Kuhusu figo ananiuliza mara mbili, ana hofu nazo. Namwambia kwa mgonjwa anayeweza kusubiri, subiri kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Kwa anayekufa, usisubiri.

Saa 3:05 usiku

Nimeshavua viatu. Simu. Ni daktari yule yule wa dharura, yuko zamu tena, na ametuma fomu nyingine. Safari hii nafasi ya maelezo imejaa hadi pembeni:

"Mama, miaka 54, presha ya siku nyingi. Maumivu ya ghafla ya kifua, yamehamia mgongoni. Presha kulia 188/104, kushoto 142/80. Swali: aota imechanika, kuanzia wapi hadi wapi? Naomba bila dawa kwanza, kisha kifua hadi nyonga, kusawazishwa na ECG. Kanula ya kijani, mkono wa kulia. Dawa ya kushusha mapigo na presha imeanza."

Chini yake ameongeza: "Dokta, kreatinini haijatoka. Tusubiri?"

"Msisubiri. Ingieni," naandika. Natafuta viatu.