Kanisa lililobomolewa usiku

Jumapili, jioni

Leo nimeshuka tena Africville, palipokuwa na mtaa wa watu weusi hapa Halifax, Kanada. Kila mwezi wa 11 naenda, upepo wa Halifax ukishaanza kuuma masikio na watalii wakishaondoka. Sikuingia ndani ya kile kijumba cha makumbusho chenye umbo la kanisa. Nilikaa nje nikitazama maji ya ghuba ya Bedford Basin, daraja likinguruma juu upande wa pili.

Kanisa lenyewe, Seaview African United Baptist, halipo. Lilianza 1849, mwaka mmoja tu baada ya familia za watu weusi kuanza kununua viwanja hapa. Tarehe 20 Novemba 1967 tingatinga lilikuja usiku likaliangusha. Waumini waliamka asubuhi wakakuta mbao. Hilo la usiku ndilo linalonisumbua kuliko yote, maana mtu anayeamini anafanya haki haogopi mchana.

Na jiji lilikuwa limeshawafanyia mengi mchana kweupe. Reli ilipitishwa katikati ya makazi. Gereza, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, mwishowe miaka ya 1950 dampo la jiji, vyote wakasogezewa. Kodi walilipa. Maji ya bomba hawakupewa, hadi kisimani kukawekwa kibao cha kuwaambia wachemshe kabla ya kunywa. Kisha Januari 1964 baraza la jiji likaamua kwamba mtaa ni mchafu, watu wahamishwe kwa faida yao. Wengi hawakuwa na hati ya kiwanja, kwa sababu ardhi ilirithishwa kwa mdomo, babu kwa mjukuu. Asiye na hati alipewa dola 500. Kuna waliohamishiwa vitu vyao kwa malori ya taka, ndiyo, yale yale ya kuzolea taka. Watu kama 400 waliondoka. Nyumba ya mwisho ilianguka Januari 1970.

Lakini leo nilikwenda nikiwaza wachungaji.

Richard Preston alizaliwa mtumwa Virginia, akaja Nova Scotia, jimbo letu hili, akimtafuta mama yake, na akampata. Mwaka 1832 akaanzisha kanisa la watu weusi hapa Halifax, kwenye barabara ya Cornwallis Street, na 1854 akayaunganisha makanisa ya Kibaptisti ya watu weusi yawe chama kimoja. William White, mwana wa watu waliowahi kuwa watumwa, alikuwa kasisi wa kikosi cha askari weusi wa Kanada katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mchungaji wa kanisa hilo la Cornwallis Street. Binti yake Portia, kabla ya kujulikana kwa uimbaji, alifundisha shule ya Africville. Mtaani kwenyewe kulikuwa na mashemasi na akina mama wa kanisa, ambao majina yao yako vinywani mwa wajukuu. Pasaka walikuwa wanaimba tangu alfajiri, na ubatizo ulikuwa hapa hapa baharini, kwenye maji baridi kama haya.

Sasa, ile kamati ya haki za binadamu iliyozungumza na jiji kuhusu kuhama ilikuwa na watu wa kanisa ndani yake, wengine wao weusi, wengi wao si wakazi wa Africville. Walikubali kuhama. Nadhani waliamini kwamba kuchanganywa na weupe katika nyumba nzuri ndiyo njia ya kutoka kwenye ubaguzi. Zamani niliwahukumu haraka. Siku hizi nasita.

Nasita kwa sababu ya baba. Alikuwa mzee wa kanisa mtaani kwetu Dar. Nyumba zilipopigwa X nyekundu, wanaume walikuja barazani kwetu kabla ya kwenda kwa mjumbe. "Mzee, wewe ndiye unayejua kusema nao." Akavaa suti yake ya Pasaka, akaenda. Akarudi na karatasi ya fidia, kiasi ambacho hata mabati hakikutosha. Mpaka anafariki, wapo majirani ambao hawakumsalimia tena. Yeye hakuwahi kujitetea. Akisikia wanapita nje alikuwa anapunguza sauti ya redio, basi.

Mwaka 2010 meya wa Halifax aliomba radhi, na jiji likatoa dola milioni tatu zilizojenga hiki kijumba. Fidia kwa mtu mmoja mmoja haikutolewa. Wazao wa Africville hurudi kila Julai kupiga kambi uwanjani. Mwaka juzi nilipita nikapewa sahani ya samaki na mama mmoja aliyeniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akacheka akasema, "Kumbe na wewe ni wa Africville."

Usiku huu nimempigia dada simu, nikamuuliza kama ile karatasi ya baba ipo. Anasema ipo, imekunjwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Nyuma yake baba ameandika kwa mkono majina ya nyumba zote za mtaa, mlango kwa mlango, na wale waliomnyima salamu wamo.