Mifuko 38

Juzi usiku kijana mmoja alinipigia. Amesajiliwa na Bodi ya Makandarasi mwaka huu, daraja la saba, lile la chini kabisa, na tayari ana saiti mbili, moja Buhongwa na nyingine ng'ambo ya Busisi. Siku hizi anavuka kwa daraja, foleni ya kivuko cha Kigongo atahadithiwa tu.

"Shikamoo mzee. Nataka kununua programu ya kusimamia kazi. Nimeona tatu mtandaoni, zote zinajisifia. Wewe ulichukua ipi?"

Nikamwambia nitampigia. Mpaka sasa sijampigia. Nilibaki kibarazani, upepo wa ziwani ukaleta ile harufu ya vumbi lililoanza kulowa, na mawazo yakanipeleka Luchelele, Jumamosi ya Novemba 2019, saa kumi na dakika kumi jioni.

Programu niliitafuta kwa sababu ya kazi ya ujenzi Ukerewe. Nyumba tuliimaliza vizuri, lakini mwenye nyumba aliponiuliza nondo za milimita 12 zimekwenda wapi, sikuwa na cha kumwonyesha. Nondo zile hazikuibwa, ziko ndani ya mihimili mpaka leo. Risiti zake zilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, zimefukiwa chini ya salamu za asubuhi na matangazo ya misiba. Alinilipa, ila alinilipa akiwa ananitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Nilirudi Mwanza kwa meli nikiwa nimeapa kwamba hakuna mtu atakayenitazama hivyo tena.

Wiki tatu, kila usiku watoto wakishalala, nilikaa na kompyuta mezani. Trello nilijaribu: kila kazi ina kikadi chake, unakisogeza kutoka "bado" kwenda "inaendelea" kwenda "tayari". Kwa kugawa kazi ni safi sana, lakini mimi nilikuwa natafuta stoo. Microsoft Project ilinichorea ile chati ya mistari yenye jina la Henry Gantt, Mmarekani aliyeitangaza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na niliipenda kwa dhati. Unaona wazi kwamba lenta haitangulii ukuta, na msingi ukichelewa siku nne, kila kilichofungwa nyuma yake kinasogea siku nne. Nilijifunza mengi kwenye ile mistari. Ya tatu, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa na vyote kwa pamoja: ratiba, picha za saiti, malipo ya mafundi na stoo. Siku 14 za bure. Baada ya hapo unalipa kwa dola, kwa kadi ya benki, kila mwezi, kwa kila mtumiaji.

Hapo kwenye kila mtumiaji ndipo nilipochukua kalamu nikaanza kuhesabu watu. Mimi, mmoja. Mhasibu, wawili. Mpwa wangu aliyekuwa msimamizi wa saiti, watatu. Wa nne angekuwa mama wa stoo. Mama alikuwa na kitochi, Kiingereza hasomi, na nafasi ya nne ingenila hela kila mwezi hata miezi isiyo na kazi. Nikaona hakuna haja. Mama atamwambia mpwa, mpwa ataingiza, mimi nitaona. Uamuzi wenyewe ulichukua kama dakika tano, na katika zile wiki tatu ndio uliokuwa na uzito kuliko yote.

Mama huyo alikuwa na kaunta buku la gamba gumu, kingo zimelegea kwa saruji na jasho. Kila ukurasa aliupigia mstari wa penseli upande wa kulia, na kule pembeni ndiko alikoandika mambo yake. "Mbili zimelowa." "Fundi karudisha nusu mfuko." "Kirikuu kimeleta pungufu, mlinzi kashuhudia." Nilikuwa naliona lile buku kama uchafu. Programu ilikuwa na visanduku vitatu tu: imeingia, imetoka, salio. Nikaona huo ndio usafi.

Nikawaita wote chini ya mwembe pale saiti. Nikasema kuanzia leo daftari basi, kwa sababu tukiandika sehemu mbili tutapata majibu mawili. Nikainua simu juu nikawaambia, "Mimi nitakuwa naona kila kitu humu." Mama akasema, "Sawa, baba." Kwa umri angeweza kuwa dada yangu mkubwa, lakini kazini aliniita hivyo siku zote.

Sasa hiyo Jumamosi. Tulikuwa tunamwaga slabu ya ghorofa moja, nyumba inayotazama ziwa, imekaa kati ya majabali kama nyumba nyingi za upande ule. Meta za mraba 120, unene sentimeta 15, yaani meta za ujazo 18. Kwa mchanganyiko wa moja mbili nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, meta moja ya ujazo inakula mifuko sita na nusu hivi. Nilihesabu mifuko 118. Simu ilisema stooni kuna 130. Nililala nimetulia.

Tulianza saa mbili asubuhi. Mashine ya zege iko chini, makarai yanapanda mkono kwa mkono kwenye ngazi ya miti, vijana wanaimba Kisukuma, fundi mkuu yuko juu na vaibreta ya kushindilia zege. Mchana upepo ukaanza kugeuka. Wote mnaoikumbuka vuli ya mwaka ule mnajua mvua zilivyokuwa, hata miezi michache mbele ziwa likapanda likala fukwe. Saa tisa wingu jeusi lilikuwa limesimama juu ya maji. Nikasema tukaze mwendo, robo tu imebaki.

Mashine ikanyamaza.

Nilishuka nikidhani ni mafuta. Kijana wa mashine kanyoosha mikono mitupu: "Mzee, saruji." Nikaenda stoo. Mpwa wangu kasimama mlangoni, simu mkononi, ananionyesha. Zimeingia 130, zimetoka 92, salio 38. "Mjomba, zipo." Na kweli zilikuwepo. Zilikuwa ndani, zimepangwa sakafuni bila chaga, zimeegemea ukuta wa upande wa ziwani, ule ukuta unaotoa jasho msimu wa mvua. Nikabonyeza kona ya mfuko wa juu kwa kidole gumba. Haikubonyea. Nikabonyeza wa pili. Nikauvuta mmoja chini, ukaanguka kwa mlio wa jiwe, karatasi ikachanika na saruji ikabaki imesimama peke yake, imebeba alama za mikunjo ya karatasi na hata mshono wa mdomo wa mfuko, kama sanamu ya mfuko.

Sikupiga kelele. Niliuliza tu, kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Nani alijua?"

Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akainuka, akaingiza mkono ndani ya kanga aliyojifunga, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 48 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Akanipa kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza, mstari wa penseli upande wa kulia, mwandiko uleule. Tarehe ilikuwa wiki mbili nyuma. "Mifuko 38 imeshika. Isihesabiwe."

"Nisamehe, baba," akasema. "Ulikataza. Nilishindwa kuacha."

Nimesimama mara nyingi mbele ya watu walionikosea nikajua la kusema. Pale sikujua. Huyu mama alikuwa ameficha kwenye nguo zake kitu pekee cha kweli kilichokuwepo pale saiti, na alikuwa ananiomba msamaha kwa kukitunza.

Yaliyotokea niliyajua hapohapo, maneno machache. Alimwambia mpwa wangu siku ileile aliyoandika. Mpwa akafungua programu, akatafuta pa kuweka. Imeingia? Zilikwisha ingizwa. Imetoka? Hazijatoka, hizi hapa. Akaziacha kwenye salio, akipanga kunieleza kwa mdomo, kazi ikamzonga. Na mama hakuja kwangu kwa sababu nilikuwa nimesema mwenyewe, chini ya mwembe, kwamba naona kila kitu kwenye simu. Aliamini ninaona. Alishangaa tu kwa nini sisemi kitu.

Matone ya kwanza yakatupata tungali mlangoni.

Mengine nayapitia haraka. Mhandisi akaniambia kwa simu tusiishie pale tulipofika, karibu kabisa na mhimili, maana slabu ikikatwa karibu na egemeo inakatwa pale inapobeba nguvu kubwa ya kukata. Turudi hadi eneo la kati ya mihimili. Ikabidi vijana wachote kwa koleo zege lililokwisha mwagwa, karibu meta nzima, walitupe. Tukasimamisha ubao wa kuzuia, nondo zikipita katikati yake, tukafunika turubai na mvua ikashuka. Jumatatu tukaparua ule uso kwa patasi na brashi ya waya, tukauosha, tukapaka uji wa saruji, tukamalizia robo iliyobaki kwa mifuko mipya. Gharama nilibeba mimi. Mwenye nyumba nilimwita jioni ileile ya Jumamosi akaona kwa macho yake, na mhandisi alimweleza kwamba kiungo cha zege la zamani na jipya kikifanywa hivyo kinashika.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kwa mama Nyegezi kumwomba radhi. Alinikaribisha chai. "Yameisha, baba," akasema, akaanza kuniuliza habari za watoto. Kwake pengine yalikwisha.

Programu sikuitupa, na nasema hili kwa haki yake: ilifanya kila ilichoahidi, hata 38 ilizihesabu sawasawa. Tuliitumia karibu mwaka mzima. Kila jioni mpwa alikaa ubavuni mwa mama, mama akisoma daftari, yeye akiandika, na kwenye sehemu ya maelezo tukawa tunaweka yale ya pembeni ya mstari. Jioni zile mpwa wangu alijifunza saruji kuliko alivyojifunza chuoni, anasema mwenyewe. Kazi zilipopungua 2020 nikashindwa kulipia, tukarudi kwenye Excel na picha ya daftari inayotumwa kila jioni. Kama hiyo ni kurudi nyuma, sijui. Mhasibu anasema ndiyo. Mama alistaafu, yuko kwao Magu.

Na huyu kijana anasubiri. Ana saiti mbili, anahitaji programu kuliko mimi nilivyoihitaji, na atakapohesabu vichwa atafanya hesabu ileile niliyofanya mimi, kwa sababu hela ni hela. Nitamtajia jina. Nitamuuliza pia nani anashika funguo za stoo zake na anaandika wapi, ingawa naogopa ataliona hilo ni swali la mzee.

Ile nyumba ya Luchelele ninaipitia kila vuli. Mwenyewe ananifungulia, ananipeleka sebuleni, natazama dari. Pamepigwa ripu na rangi nyeupe, hakuna mtu anayeweza kuonyesha kiungo kilipo. Mimi nakijua, hatua nne kutoka dirisha la ziwani. Natazama kama pametoka unyevu au mstari mwembamba. Mwaka jana palikuwa pakavu. Mwaka huu mvua zimeanza na bado sijakwenda.