Ukuta wa nyuma ulivyonirudishia wanunuzi

Wanunuzi wawili walikuja kuiona nyumba yetu ya Tabata, wakazunguka vyumbani, wakaingia mitini. Wa tatu aliniambia ukweli: "Dada, ukuta wa chumba cha nyuma unatoa chumvi." Nilishaupaka rangi mara mbili, na rangi ilibanduka kama ganda la yai.

Nikamwambia dalali asimamishe kwanza. Nikatafuta fundi sanifu wa majengo, nikahakikisha si yeye atakayefanya matengenezo. Hilo naliona muhimu mno: anayekagua asiwe na faida ya kukuta ubovu.

Alianzia darini. Akawa anachoma kenchi, zile mbao zinazobeba paa, moja moja kwa bisibisi, na kwenye mbili za upande wa jikoni bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Mchwa. Kwa nje mbao zilionekana nzima kabisa. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, nao ulikuwa umekatika pale unapoingia ardhini.

Na ule ukuta? Bati halikuvuja. Udongo wa bustani ulirundikwa hadi ukapita nailoni ya kuzuia unyevu iliyo juu ya msingi, matofali yakawa yananyonya maji moja kwa moja. Tuliushusha udongo sentimita 15 chini ya nailoni, tukabandua plasta, tukauacha ukuta ukauke wiki sita. Inauma kusubiri, lakini ukipiga plasta kwenye tofali lenye unyevu chumvi inarudi. Kenchi zikabadilishwa na kupakwa dawa. Ethi ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Mnunuzi wa nne nilimpa ripoti na risiti zote. Akapanda darini na bisibisi yake. Aliposhuka, tukazungumza bei.